Jengo Limebaki, Mlango Je?

Leo twende New York, Marekani, kwenye barabara ya Park Avenue, kati ya mtaa wa 49 na mtaa wa 50. Hapo pamesimama jengo la ghorofa 47, lenye kimo cha mita 191, ambalo kwa zaidi ya miaka 85 lilikuwa mojawapo ya hoteli mashuhuri kuliko zote duniani. Hoteli hiyo ni Waldorf Astoria. Ilifungwa tarehe 1 Machi 2017. Ilipofunguliwa tena mwaka 2025, mambo yalikuwa yamebadilika. Zamani ilikuwa na vyumba zaidi ya 1,400 vya wageni; sasa vimebaki 375. Sehemu kubwa ya jengo imegeuzwa kuwa fleti 372 za kifahari, za kununuliwa, si za kulala usiku mmoja ukaondoka.

Kazi ya ukarabati iliyofanyika humo ni ya kupigiwa mfano, na nitaisifu hapa bila kinyongo. Lakini nina jambo ambalo nataka tulitafakari pamoja. Jengo la kihistoria si kuta tu. Ni kuta pamoja na watu wanaoruhusiwa kupita kati yake. Sheria za urithi zimejifunza kuzilinda kuta. Mlango bado hazijajifunza kuulinda.

Tuanze na asili ya hoteli hii, maana inatufundisha mengi. Mwaka 1893 tajiri William Waldorf Astor alijenga hoteli ya ghorofa 13 katika Fifth Avenue, bega kwa bega na nyumba ya Caroline Astor, mke wa baba yake mdogo, ambaye walikuwa hawapatani. Mama yule alihama. Mwaka 1897 mwanawe, John Jacob Astor wa Nne, akajenga hoteli yake palepale alipokuwa akiishi mama. Moja iliitwa Waldorf, nyingine Astoria, na msanifu wa zote mbili alikuwa Henry Hardenbergh. Ugomvi wa familia uliishia kwenye ujia: hoteli mbili ziliunganishwa, na katika ujia ule wenye fedha walipita wamevaa walivyovaa, na watu wa kawaida walikuja kuwatazama. Ujia huo ulipewa jina la tausi, Peacock Alley. Mji wa New York ulikuwa umepata kitu kipya: sebule ya matajiri ambayo haikuwa nyumbani kwa mtu yeyote.

Na mambo ya umma yalifuata huko. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, John Jacob Astor alikuwa miongoni mwa waliokufa. Siku chache baadaye, Seneti ya Marekani ilianza kuchunguza ajali ile, na kikao cha kwanza kilifanyika katika hoteli ileile aliyoijenga marehemu. Mashahidi walikaa pale kueleza namna alivyokufa yeye na watu wengine zaidi ya 1,500.

Mwaka 1929 hoteli ile ya kwanza iliuzwa ikabomolewa. Haikuwapo sheria ya kuizuia. Kiwanja chake ndicho kilichobeba jengo la Empire State, lililokamilika mwaka 1931. New York ilikuja kuwa na sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965, baada ya stesheni kubwa ya reli ya Pennsylvania kuanza kuvunjwa na wananchi kuona uchungu wa walichokipoteza.

Waldorf Astoria ya sasa ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1931. Sisi watu wa redio tuna sababu yetu ya kuikumbuka siku hiyo, kwa kuwa Rais Herbert Hoover aliipongeza hoteli hiyo kwa hotuba ya redio akiwa Ikulu, Washington. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka na mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Wasanifu wake, Schultze na Weaver, walikuwa wamejenga hoteli ndefu kuliko zote duniani kwa wakati ule, juu ya njia za reli za stesheni ya Grand Central. Na redio iliendelea kuwa sehemu ya maisha yake. Juu kulikuwa na ukumbi wa dansi ulioitwa Starlight Roof, wenye paa lililoweza kufunguliwa, na muziki wa bendi zilizopiga pale ulirushwa moja kwa moja hewani. Kwa hiyo hata aliyeketi jikoni kwake mamia ya kilomita kutoka New York, bila senti ya kununulia kikombe cha chai mle ndani, alikuwa na kipande chake cha Waldorf.

Kuishi katika jengo hili si jambo lililoanza leo. Sehemu moja ya hoteli, minara iliyoitwa Waldorf Towers, tangu mwanzo ilikuwa na makazi ya kupanga. Hoover mwenyewe alihamia humo baada ya kutoka madarakani na akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 1964. Jenerali Douglas MacArthur aliishi humo. Mtunzi wa nyimbo Cole Porter aliishi humo miaka mingi na piano yake. Marilyn Monroe alipanga humo mwaka 1955. Balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa alikuwa na makazi yake humo tangu miaka ya 1940. Basi mtu akiniambia kwamba fleti ni jambo geni katika jengo lile, namjibu kwamba si kweli. Tofauti ni kwamba wakati ule wapangaji walikuwa sehemu moja, na hoteli ndiyo iliyokuwa imeshika jengo. Rais mstaafu na mfanyabiashara aliyekuja kwa usiku mmoja wote walikuwa chini ya paa moja, wakihudumiwa na jiko moja.

Sasa nataka nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Katikati ya ukumbi mkuu wa Waldorf kuna saa. Si saa ya ukutani. Ni kama mnara mdogo, urefu wake karibu mita tatu, uzito wake kiasi cha tani mbili. Ilitengenezwa na mafundi wa London kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893. Kitako chake ni cha pembe nane. Juu yake kuna sura za shaba nyeusi: marais wa Marekani, Benjamin Franklin, na Malkia Victoria wa Uingereza. Kileleni kabisa imesimama sanamu ndogo ya Uhuru. Saa hii ilikuwa katika hoteli ya kwanza, ikahamishiwa ya pili.

Watu wa New York walikuwa wakiambiana: tukutane penye saa. Mtu wa kusema hivyo hakuhitaji kuwa na chumba juu. Alisukuma mlango, akapita, akasimama pale akimngoja mwenzake. Wachumba wamekutana pale, na mawakili, na ndugu waliotengana miaka mingi. Hoteli ilijua kwamba wengi wao hawatalipa kitu, na ikawaacha wasimame.

Wakati wa ukarabati, saa ile ilifanyiwa matengenezo ikarudishwa ukumbini. Piano ya Cole Porter nayo ilitengenezwa ikarudi. Sakafu ya mozaiki iliyobuniwa na msanii Mfaransa Louis Rigal, inayoonyesha hatua za maisha ya mwanadamu tangu kuzaliwa hadi kufa, imesafishwa. Na hili halikutegemea ukarimu wa mwenye mali peke yake. Sura ya nje ya jengo ilikuwa imelindwa na sheria tangu mwaka 1993, na Machi 2017, siku chache tu baada ya hoteli kufungwa, Tume ya Kuhifadhi Majengo ya Kihistoria ya Jiji la New York ilizilinda pia kumbi zake muhimu za ndani, ukiwamo ukumbi mkuu. Linganisha na mwaka 1929. Safari ile jengo lilivunjwa lote. Safari hii mji ulisema: hapana, hivi havigusi mtu. Hayo ni maendeleo ya kweli, na waliopigania ulinzi ule wanastahili shukrani.

Lakini kwa nini hoteli igeuzwe fleti? Hapa hatuna budi kupiga hesabu. Conrad Hilton, aliyeitamani hoteli hii miaka mingi kabla hajaipata, alianza kuimiliki mwaka 1949. Mwaka 2015 kampuni ya Hilton iliiuza kwa kampuni ya bima ya Anbang ya China kwa dola bilioni 1.95. Ilikuwa bei kubwa kuliko iliyowahi kulipwa kwa hoteli yoyote ya Marekani hadi wakati huo. Gawa fedha hizo kwa vyumba 1,400: kila chumba kimegharimu karibu dola milioni 1.4, kabla hujapiga nyundo hata moja. Tuseme basi chumba unakipangisha dola 400 kwa usiku, na tuseme hakilali kitupu hata usiku mmoja. Kwa mwaka kinaleta dola 146,000. Itachukua zaidi ya miaka tisa kurudisha bei ya kununulia, hata kama hulipi mshahara wa mtu, umeme, maji wala kodi. Fleti haina subira hiyo. Mnunuzi analipa fedha zote kwa mkupuo. Fleti za Waldorf zilipoanza kuuzwa, hata ile ndogo, ya chumba kimoja chenye kila kitu ndani, iligharimu zaidi ya dola milioni moja na nusu.

Kwa hiyo mwenye mali hageuzi hoteli kuwa fleti kwa sababu ya ubaya wa roho. Anaigeuza kwa sababu bei ya ardhi na majengo imepanda hadi biashara ya kupokea wageni haiwezi kuilipa. Na hata fedha za fleti hazikuwa njia rahisi. Mwaka 2018 serikali ya China iliichukua Anbang, na mwenyekiti wake, Wu Xiaohui, alihukumiwa kifungo cha miaka 18 kwa ulaghai na ubadhirifu. Jengo liliangukia mikononi mwa kampuni nyingine ya bima, Dajia, na kazi iliyotarajiwa kuchukua miaka michache ikafika minane. Miaka hiyo yote, ukumbi ule ulikuwa umefungwa, na hapakuwa na wa kungojana penye saa.

Msikilizaji, mpaka hapa tumezungumzia marumaru, shaba na fedha. Sasa tuzungumzie watu, kwani ndio ninaowajali zaidi. Hoteli kila siku huanza upya. Mgeni akitoka, shuka zinavuliwa, bafu linasuguliwa, taulo zinapelekwa kwa dobi, kitanda kinatandikwa. Jikoni kuna anayemenya viazi alfajiri na anayeosha vyombo usiku wa manane. Kuna wabeba mizigo, watu wa mapokezi, wahudumu wa mezani, mafundi wa umeme na bomba, wapanga maua. Mambo haya yanajirudia siku 365, na ndiyo maana hoteli huajiri mamia. Fleti ni kitu kingine. Mwenye fleti ana shuka zake na kufuli lake. Jengo la fleti, hata liwe la kifahari namna gani, linahitaji walinzi wa mlango, wasafishaji wa korido, mafundi wachache, basi. Ukigeuza vyumba elfu moja, umefuta kazi za watu wengi, na katika mji kama New York wengi wao ni wahamiaji walioinua familia zao kwa mishahara hiyo.

Wafanyakazi hao hawakukaa kimya. Mfano mzuri uko si mbali na Waldorf, katika hoteli ya Plaza, pembeni mwa bustani ya Central Park. Nayo ni kazi ya Hardenbergh, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1907, na ilikuwa na vyumba 805. Mwaka 2004 kampuni ya Elad iliinunua kwa dola milioni 675 ikatangaza kwamba sehemu kubwa itakuwa fleti na maduka. Chama cha wafanyakazi wa hoteli kilianzisha kampeni kali. Kiliwaeleza wakazi wa New York kwamba Plaza si mali ya mnunuzi peke yake. Ni kumbukumbu ya kila aliyefanyia harusi pale au aliyepelekwa na bibi yake kunywa chai pale. Meya Michael Bloomberg aliingia kati, na Aprili 2005 pande mbili zikakubaliana: vyumba vya wageni vibaki vingi zaidi kuliko ilivyopangwa, na kumbi kubwa zibaki kumbi. Hoteli ilipofunguliwa tena mwaka 2008 ilikuwa na vyumba 282 vya wageni. Hawakushinda kila kitu. Lakini bila kampeni ile, kingebaki kidogo zaidi.

Miaka kumi baada ya makubaliano yale, mwaka 2015, Halmashauri ya Jiji la New York ilipitisha sheria ya muda ikizuia hoteli kubwa za Manhattan, zile zenye vyumba 150 au zaidi, zisigeuze zaidi ya asilimia 20 ya vyumba vyake. Mji ulitamka kwa sheria kwamba matumizi ya hoteli nayo ni jambo la umma. Ilikuwa sheria ya muda, lakini iliuliza swali lililo sahihi.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Majengo makubwa ya zamani hula fedha. Mabomba ya mwaka 1931 yanaoza, madirisha yanavuja, lifti zinazeeka. Bila fedha za fleti, nani angesafisha mozaiki ya Rigal? Nami nakubali kwamba mchanganyiko, hoteli kiasi na fleti kiasi, ni afadhali kuliko magofu na ni afadhali sana kuliko tingatinga. Wala sisemi kwamba Waldorf ilikuwa kimbilio la maskini. Bei zake zilikuwa ukuta mrefu siku zote. Ila palikuwa na ngazi chini ya ukuta ule: ukumbi, ujia, saa, dansi, redio. Mtu aliweza kupanda hata ngazi moja. Leo ukumbi wa chini bado uko wazi kwa sababu hoteli, japo imepungua, bado ipo, na kwa hilo nashukuru. Lakini angalia juu. Jina la Starlight, lililokuwa la ukumbi wa dansi uliosikika hewani kote Marekani, sasa limepewa pia bwawa la kuogelea la mita 25, la wakazi peke yao. Jina limehifadhiwa vizuri kabisa. Waliokuwa wakicheza chini yake hawana nafasi humo.

Jambo hili linatugusa na sisi. Kampuni ile ya Conrad Hilton ilikuja pia Afrika Mashariki. Hilton ya Nairobi, ule mnara wa duara katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1969 na ikafunga milango yake mwisho wa mwaka 2022. Wakazi wa Nairobi wanajua nisemacho. Mtu ambaye hajalala Hilton hata usiku mmoja maishani mwake alimwambia mwenzake, "Tupatane Hilton," na wakapatana. Matatu zilijua, wanafunzi walijua, aliyetoka mashambani kwa mara ya kwanza alielekezwa kwa kupitia Hilton. Huo ni urithi, ingawa haukuchongwa kwenye shaba. Na miji yetu, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, inapanda bei kila mwaka. Majengo ya zamani yatauzwa, mengine yatageuzwa. Haitusaidii kulia yakishafungwa.

Linalotusaidia ni masharti, na masharti huandikwa kabla ya kibali kutolewa. Mamlaka inapomruhusu mtu kubadilisha hoteli ya kihistoria kuwa makazi, kibali kitaje ukumbi upi wa chini utabaki wazi kwa kila mtu, na saa zipi. Kitaje vyumba vingapi vya wageni vitabaki, maana ndivyo vinavyouweka mlango wazi kwa sababu ya biashara, si kwa hisani. Na wafanyakazi waitwe mezani mapema, kupitia chama chao, wajue nani atabaki, nani atalipwa nini akiondoka, nani atarudishwa kazi jengo likifunguliwa tena. Plaza imetuonyesha kwamba mazungumzo hayo yanawezekana, na kwamba hayaanzi mpaka watu wayadai.

Nawe msikilizaji una sehemu yako. Tangazo la kubadilisha matumizi ya kiwanja likitoka gazetini au likibandikwa ukutani katika mji wako, usilipite. Lisome, uone siku ya mwisho ya kutoa maoni, na uandike maoni yako. Usiulize tu kama nakshi zitabaki na rangi itakuwa ileile. Uliza nani ataingia humo, na nani atafanya kazi humo. Barua yako moja haitazuia mauzo, lakini barua za watu wengi zinaweza kubadilisha masharti ya kibali, na masharti hayo ndiyo yatakayoamua kama wajukuu wetu watakutana ndani ya jengo lile, au watalitazama kutoka ng'ambo ya barabara.